Fuso ya tani tano haibebi tani tano: namna ya kujua uzito wa kweli wa gari lililopakiwa

Siku ya soko, pale malori yanapopakia mizigo Baraka, swali linalosikika ni moja tu: "Bado kuko nafasi?" Nafasi ikionekana, mfuko mwingine unapandishwa. Juu ya mifuko wanapanda watu, na pembeni wanafunga baiskeli, kuku na bido za mawese. Mwishoni dereva anawasha gari, na safari ya Fizi, Lulimba ao Uvira inaanza. Swali la pili, lenye maana zaidi kuliko la kwanza, halikuulizwa: gari hii sasa iko na kilo ngapi?

Nafasi na uzito ni vitu viwili tofauti. Lori linaweza kuonekana nusu tupu huku limeshapita kipimo chake, na lingine likajaa mpaka juu bila kufikia hata nusu ya uwezo wake. Kwa wakaaji wa Fizi, ambao barabara yao ni ya udongo na yenye mito mingi, kutofautisha mambo haya mawili ni kulinda maisha ya abiria, madaraja na hata bei ya chumvi sokoni.

Namba tatu zilizo kwenye karatasi

Kila gari la mizigo limeandikiwa uzito wake kwenye karti roze, na pia kwenye kibati kidogo cha kiwanda, ambacho mara nyingi kimepigiliwa karibu na mlango wa dereva. Maandishi mengi yako kwa Kifaransa, lakini maana yake ni nyepesi.

Namba ya kwanza ni uzito wa gari likiwa tupu, poids à vide. Ya pili ni mzigo unaoruhusiwa, charge utile. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, PTAC: ni uzito wa mwisho ambao gari lote linaruhusiwa kufikia, chuma chake, mafuta yake, dereva wake, abiria na mizigo vikiwa pamoja. Ukitoa uzito mtupu kwenye PTAC, unachobaki nacho ndicho unaruhusiwa kupakia.

Makosa yanaanzia hapa. Watu wengi wanaposikia "Fuso ya tani tano" wanafikiri ni tani tano za mifuko, na vingine vyote ni bure. Lakini gari halijui bure. Mtu aliyepanda kwa kusaidiwa ana kilo sawa na aliyelipa.

Kuna jambo lingine tena. Uzito mtupu ulioandikwa ni wa gari jinsi lilivyosajiliwa. Baada ya hapo mwenye gari huongeza mbao nene pembeni, vyuma vya kushikilia turubali, tairi la akiba la pili, sanduku la vyombo, minyororo, jeki kubwa na bido za mazutu ya njiani. Kila kimoja kinaonekana kidogo. Haba na haba hujaza kibaba: vikikusanywa vyote, kilo 300 ao 400 zimekwisha kuingia kabla mfuko wa kwanza haujapandishwa.

Hesabu ya safari moja

Tuchukue lori moja la mfano. Karti roze inasema PTAC ni kilo 7500, uzito mtupu kilo 3500. Basi mzigo unaoruhusiwa ni kilo 4000.

Mwenye mzigo analeta mifuko 30 ya mahindi "ya kilo mia", na mifuko 10 ya simenti. Anapiga hesabu yake: 3000 na 500, jumla 3500. Anafurahi, kwa sababu bado kuko nafasi ya kilo 500. Anakubali bido 10 za mawese na abiria 12.

Sasa tupige hesabu ya kweli. Mifuko ya mahindi imeshindiliwa na kushonewa kilemba juu, na kwenye mizani kila mmoja una kilo 110: hiyo ni 3300. Simenti, mifuko 10 ya kilo 50, ni 500. Bido ya lita 20 ya mawese ina karibu kilo 19 pamoja na chombo chake, kwa hiyo bido 10 ni 190. Abiria 12 pamoja na mizigo yao ya mkononi, tukiweka kilo 75 kwa kila mmoja, ni 900. Dereva na wasaidizi wake wawili ni karibu 195. Vitu vilivyoongezwa kwenye gari, tuseme 350.

Jumla ni kilo 5435. Ukiongeza uzito mtupu wa 3500, lori linaondoka Baraka na kilo 8935. Limepita PTAC yake kwa kilo 1435, ni kusema karibu tani moja na nusu, huku mwenye mzigo akiamini kwa moyo safi kwamba alibakisha nafasi. Hakudanganya mtu. Alihesabu vitu viwili tu kati ya sita.

Macho yanadanganya

Sababu moja ya makosa ni kwamba macho hupima ukubwa, hayapimi kilo. Lori lililojaa ndakala wakavu linaonekana kama mlima, lakini ni jepesi. Lori lililobeba mchanga kufikia nusu tu ya ubavu wake linaweza kuwa limeshachoka kabisa. Meta moja ya mraba yenye kina cha meta moja, yaani meta moja ya ujazo, ikijazwa mchanga mkavu ina karibu tani moja na nusu. Mchanga huohuo ukilowa mvua unakaribia tani mbili. Maji yenyewe ni rahisi kukumbuka: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1000 ni tani moja kamili bila kuhesabu tangi.

Mazutu ni mepesi kidogo kuliko maji. Pipa la lita 200 lina karibu kilo 167 za mazutu, na pipa lenyewe linaongeza kama 20. Simenti haina mchezo: mifuko 20 ni tani moja. Mbao zilizopasuliwa wiki hii zina maji ndani yake na ni nzito kuliko mbao zilizokauka. Makala na mihogo mikavu vikinyeshewa njiani bila turubali, lori linafika na uzito mkubwa kuliko lililoondoka nao, ingawa hakuna aliyepandisha kitu.

Na matope? Yale yanayoshika chini ya gari na ndani ya magurudumu wakati wa masika nayo ni mzigo. Hayana mwenyewe, lakini yanabebwa.

Uzito ukizidi, nini kinatokea

Freni za gari zilitengenezwa kwa PTAC, si kwa zaidi ya hapo. Nguvu ambayo freni zinapaswa kuizima inaongezeka pamoja na uzito, na inaongezeka zaidi sana pamoja na mwendo: gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa lina nguvu mara nne kuliko likiwa kwenye 30. Dereva mwenye mzigo mkubwa anayeshuka mlima kati ya Fizi na ziwa anakanyaga freni mara kwa mara, freni zinapata moto, na zikipata moto zinashika vibaya. Hapo ndipo watu husema "freni zimekatika". Mara nyingi hazikukatika. Zilichoka.

Matairi nayo yana kipimo chake, kimeandikwa ubavuni. Baada ya namba za ukubwa kuna namba kama 121/120. Ya kwanza ni ya tairi lililofungwa peke yake, ya pili ni ya matairi yaliyofungwa mawili mawili nyuma. Namba 121 maana yake ni kilo 1450, na 120 ni kilo 1400, kwa kila tairi, likiwa limejazwa upepo sawasawa. Tairi lililokwisha na lenye upepo kidogo halifikii hapo.

Barabara pia inalipa. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani walipitisha malori mchana na usiku kwenye barabara za majaribio katika jimbo la Illinois. Waligundua kwamba madhara hayapandi sawa na uzito: uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara kwa barabara yanafika karibu mara 16. Ukizidisha asilimia 20 tu, kama lori letu la mfano, barabara inaumia karibu mara mbili. Majaribio hayo yalifanywa kwenye lami na zege. Barabara ya udongo iliyolowa haivumilii hata kiasi hicho: lori moja zito likichimba mfereji, lile linalofuata linazama humohumo.

Na lori likizama kwenye RN5, halizami peke yake. Nyuma yake yanasimama mengine, pikipiki zinatafuta njia ya porini, mama mjamzito anayekwenda hospitali kuu ya Baraka anasubiri, na Lulimba na Misisi bei ya chumvi, sabuni na mafuta inapanda.

Rimorki: hesabu inakuwa ya magari mawili

Siku hizi kunaonekana pia gari dogo linalovuta trela, ao rimorki kama wengi wanavyoiita: linavuta tangi la maji, jenereta ao vifaa vya ujenzi. Hapa watu hudhani kwamba kwa kuwa mzigo uko nyuma kwenye magurudumu yake, gari la mbele halihusiki. Linahusika mara mbili.

Kwanza, ndilo linalovuta na ndilo linalosimamisha. Kuna namba nyingine ya Kifaransa kwa jambo hili, PTRA: ni uzito wa mwisho wa gari na rimorki vikiwa pamoja vimepakiwa. Rimorki yenye kilo 400 ikiwekewa tangi la lita 1000 inakuwa na zaidi ya kilo 1400. Ikiwa haina freni zake, kilo zote hizo zinasukuma mgongo wa gari kila linapotaka kusimama.

Pili, ulimi wa rimorki unakaa juu ya gari. Kwa rimorki ya ekseli moja, kawaida karibu asilimia 10 ya uzito wake inapaswa kulala kwenye ndoano ya gari. Kwa rimorki yetu ni kilo 140, na hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari la mbele. Wengine wanaona ni uzito bure, kwa hiyo wanasukuma mzigo nyuma ili ulimi uwe mwepesi. Hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza: rimorki yenye mzigo nyuma huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka, na mwishowe inatupa gari nje ya barabara. Tangi lililojaa nusu nalo ni hatari, kwa sababu maji yanakimbia mbele na nyuma. Bora lijae kabisa, ikiwa gari linaweza, ao liwe tupu.

Tatizo hili si la Congo peke yake. Huko Ulaya na Marekani familia huvuta nyumba ndogo za magurudumu kwenda nazo likizo, na makosa ni yaleyale: muuzaji anataja uzito wa nyumba ikiwa kavu na tupu, mnunuzi anasahau maji, gesi, chakula na nguo. Wanaojali usalama wanapewa shauri moja: pakia kila kitu kama unasafiri, halafu nenda kwenye mizani.

Daraja halihesabu mifuko, linahesabu vyote

Kibao cha duara chenye mzingo mwekundu na maneno kama "10 t" mbele ya daraja hakisemi kwamba unaruhusiwa kupita na mzigo wa tani 10. Kinasema gari lote, pamoja na chuma chake, watu wake na mizigo yake, lisipite tani 10. Lori lenye tani sita likiwa tupu linabakiwa na tani nne tu za kubeba. Aliyesoma kibao vibaya anaweza kupitisha tani 16 juu ya kilalo cha tani 10.

Daraja linaweza kumvumilia leo, na kesho pia. Ndiyo maana wengi wanaamini kibao kinadanganya. Lakini mbao na chuma vinachoka kimyakimya, na siku vikivunjika, chini anakuwa ndani ya maji yule aliyepita na uzito wa halali. Pia daraja dogo linapitwa na gari moja moja. Mawili yakiwa juu, uzito unajumlishwa.

Nchi jirani zinatumia mizani za magari kando ya barabara kuu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Congo iliingia mwaka 2022, ina sheria ya vipimo: tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari kubwa kabisa. Anayepakia mzigo Dar es Salaam kuelekea Kigoma anapimwa njiani zaidi ya mara moja. Mzigo huohuo ukivuka ziwa, mara nyingi hesabu inaachwa kwa macho ya wapakiaji.

Ziwani, hesabu ni ileile

Mizigo mingi ya Baraka inafika kwa boti kabla ya kupanda lori, na tabia ya "bado kuko nafasi" inaanzia huko. Bei yake inajulikana. Desemba 2014, meli iliyoitwa Mutambala, jina la mto wetu, ilizama katika Ziwa Tanganyika baada ya kutoka Kalemie ikielekea Uvira. Watu zaidi ya 120 walikufa. Mzigo kupita kiasi na upepo mkali vilitajwa. Septemba 20, 2018, huko Ziwa Victoria, kivuko MV Nyerere, kilichojengwa kwa watu 101 na tani 25, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya Goma, karibu na Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri. Nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi.

Lakini boti ina neema ambayo lori halina: ziwa lenyewe ni mizani. Kila tani moja inayoingia inasukuma meta moja ya ujazo ya maji, na boti inashuka kwa kipimo kinachoonekana. Boti ya mbao ya meta 15 kwa 3 inashuka karibu sentimeta tatu kwa kila tani. Ukiona imeshuka sentimeta 30, umepakia karibu tani 10, hata kama karatasi inasema tano.

Ndiyo maana meli kubwa zote zina alama ubavuni isiyopaswa kufunikwa na maji. Mwingereza Samuel Plimsoll, mbunge, alipigania alama hiyo kwa miaka mingi mpaka ikaingia katika sheria ya nchi yake mwaka 1876, kwa sababu mabaharia walikuwa wakifa ndani ya meli zilizopakiwa kwa tamaa. Mstari wa rangi kwenye boti ya Baraka hauombi mashine wala umeme. Na mzigo mzito uwekwe chini, kwa sababu boti yenye simenti juu na watu juu ya simenti inapinduka hata kabla ya kujaa.

Bila mizani, mtu afanye nini?

Kukosa mizani ya magari si sababu ya kubahatisha. Kuna njia ambazo kila mwenye gari, dereva na chama cha wasafirishaji wanaweza kutumia.

Pima mfuko mmoja katika kila kumi kwenye mizani ya magazini, halafu zidisha. Usikubali jina la mfuko. Kubali kilo zake.

Andika kila kitu, pamoja na watu, mazutu, maji na vitu vilivyoongezwa kwenye gari. Karatasi moja na kalamu vinatosha, na simu ina mashine ya hesabu.

Tengeneza fimbo ya kipimo. Gari likiwa tupu kwenye uwanja ulionyooka, matairi yakiwa na upepo sawa, pima kwa fimbo urefu kutoka ardhini mpaka kwenye chesisi juu ya magurudumu ya nyuma, na weka alama. Pakia mifuko 20 ya simenti, ambayo ni tani moja, weka alama ya pili. Ongeza 20 mingine, alama ya tatu. Endelea hivyo mpaka kufika kipimo cha karti roze, usipite hapo. Kuanzia siku hiyo, resori za gari zimekuwa mizani. Resori zinalegea na miaka, kwa hiyo rudia zoezi hilo kila mara zinapobadilishwa, ao angalau mara moja kwa mwaka.

Panga mzigo: vizito chini na katikati, kati ya ekseli mbili. Mzigo ukilala nyuma ya magurudumu ya nyuma, mbele panakuwa pepesi na usukani hausikii.

Abiria nao wana neno. Lori ambalo resori zake zimelala kabisa, ao ambalo matairi yake mawili ya nyuma yanagusana, limeshasema uzito wake. Boti ambayo ubao wake unakaribia kulingana na maji imesema pia. Kushuka na kusubiri ya kesho kunauma kwa mwenye haraka, lakini kesho ina gari lingine.

Mwenye lori anayekataa mfuko wa 31 anaweza kukosa franka chache siku hiyo. Anayeukubali huenda akazipata, na akapata tena siku inayofuata, mpaka siku resori ivunjike mbali na fundi, ao freni zichoke mlimani. Kilo hazisahau. Kabla ya kuuliza tena kama bado kuko nafasi, wapakiaji wa Baraka, Mboko na Lweba waanze na lile swali la pili: gari hii sasa iko na kilo ngapi?